Nini kimo ndani ya programu hii? Uchambuzi wa kisa cha ofisi moja na pengo la libwebp

## Usuli

Mwezi Septemba 2023 taasisi moja ya huduma za jamii, yenye makao makuu mjini na vituo kadhaa wilayani, ilikutana na swali ambalo daftari lake la mali halikuwa na jibu lake: katika kompyuta zetu zote, ni programu zipi zimebeba Chromium, msingi ambao kivinjari cha Chrome kimejengwa juu yake, ndani yake? Kisa hiki kinaeleza namna kitengo chake cha TEHAMA kilivyolitafutia swali hilo jibu, chombo kidogo kilichotengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo, na maamuzi yaliyofuata. Jina la taasisi, mkoa wake na programu zilizokutwa vimeondolewa. Taarifa za pengo lenyewe ni za hadharani, kwa hiyo zimeachwa kama zilivyo.

Pengo hilo la usalama hujulikana kwa namba CVE-2023-4863. Tarehe 6 Septemba timu ya usalama ya Apple na Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto waliliripoti kwa Google. Tarehe 11 Google ikatoa sasisho la Chrome na kukiri kwamba kuna watu tayari wanalitumia kushambulia. Kosa lilikuwa ndani ya libwebp, maktaba inayofungua picha za aina ya WebP. Picha iliyotengenezwa kwa hila huifanya maktaba hiyo iandike data nje ya eneo la kumbukumbu ililotengewa, na hapo mshambuliaji hupata mlango wa kuendesha msimbo wake. Dawa ilikuja na libwebp 1.3.2.

Tangazo la kwanza liliitaja Chrome peke yake, na ofisi nyingi zikasasisha kivinjari zikaona kazi imekwisha. Lakini libwebp imo katika kila programu iliyojengwa kwa Electron. Fremuweki hiyo, yaani msingi uliotayarishwa ambao watengenezaji hujengea programu zao, ilianza GitHub mwaka 2013 kwa jina la Atom Shell, ikaitwa Electron mwaka 2015, na namna yake ya kufanya kazi ndiyo kiini cha kisa hiki: kila programu hubeba nakala yake yenyewe ya Chromium na ya Node.js, kiendeshaji cha msimbo wa JavaScript. Ukiwa na programu tano za Electron kwenye kompyuta moja, una Chromium tano, na kusasisha Chrome hakuigusi hata moja kati ya hizo.

Taasisi yenyewe ilikuwa na maafisa TEHAMA wawili. Kompyuta nyingi zilikuwa za Windows 10, na chache zilibaki kwenye Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020. Idara ya mawasiliano ilikuwa na Mac. Vituo vya wilayani vilitumia intaneti ya bando, na programu nyingi huko zilikuwa zimeingia kwa flashi, kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

## Kilichotokea

Hatua ya kwanza ilikuwa kuchukua orodha ya programu zilizosakinishwa kutoka Windows yenyewe. Orodha ikapatikana haraka, ila haikusaidia. Ilikuwa na jina la programu, mtengenezaji na toleo, bila neno lolote kuhusu kilichomo ndani. Toleo 4.2 la programu ya gumzo halikuambii kama Electron yake ni ya mwezi huu au ya miaka mitatu iliyopita.

Zaidi ya hapo, orodha ilikuwa na mashimo. Windows huandika programu zilizosakinishwa kwa watumiaji wote sehemu moja ya rejista, hifadhi yake ya mipangilio, na zile alizojisakinishia mtu mmoja huziandika katika rejista ya mtu huyo. Afisa TEHAMA akiingia kwa akaunti yake ya msimamizi, programu alizojiwekea mhasibu hazionekani kwenye orodha. Bahati mbaya programu za Electron hupenda sana njia hii, kwa sababu mtumiaji asiye na nywila ya msimamizi anaweza kuzisakinisha. Hukaa ndani ya AppData ya kila mmoja. Na zile zilizonakiliwa kwa flashi, zisizohitaji kusakinishwa, hazikuandikwa popote kabisa.

Kwa hiyo uamuzi ukafanyika kuachana na orodha na kuyatazama mafaili yenyewe. Kila fremuweki huacha alama zake kwenye folda ya programu. Electron huacha resources\app.asar, pamoja na chrome_100_percent.pak na icudtl.dat. Qt hutambulika kwa Qt5Core.dll au Qt6Core.dll. Flutter huwa na flutter_windows.dll, na .NET ya kisasa ina faili linaloishia na runtimeconfig.json. Programu ya Java mara nyingi hubeba jvm.dll kwenye folda yake ya ndani. Kwenye Mac kazi ni rahisi zaidi: unafungua kifurushi cha programu, unaingia Contents/Frameworks, na ukikuta Electron Framework.framework umepata jibu.

Mmoja wa maafisa akaandika skripti ya PowerShell (lugha ya amri ya Windows) iliyopita kwenye Program Files zote mbili, AppData ya kila mtumiaji, na diski nyingine zote za ndani, ikitafuta alama hizo. Baadaye akaiwekea dirisha dogo lenye jedwali, ili watu wa vituoni waweze kuiendesha bila kuandika amri.

Toleo la kwanza la chombo lilitaja Electron kila lilipokuta icudtl.dat. Hapo ndipo programu ya mahesabu ya ofisi ilipoitwa Electron. Haikuwa hivyo. Kwenye folda yake palikuwa na libcef.dll, yaani CEF, njia nyingine ya kuingiza Chromium ndani ya programu iliyoandikwa kwa lugha tofauti. Iliwekwa pale kwa ajili ya dirisha la msaada tu. Programu nyingine ya kusoma vitabu ilitajwa kuwa Qt, jambo ambalo ni kweli, lakini ndani yake kulikuwa na QtWebEngineProcess.exe, ambayo nayo ni Chromium iliyovaa Qt. Na katika folda ya imageformats ya programu ya tatu, Qt safi isiyo na kivinjari chochote, kulikuwa na faili dogo liitwalo qwebp.dll.

Hilo faili dogo ndilo lililogeuza kazi nzima. Hadi siku hiyo chombo kilikuwa kinajibu swali la fremuweki: hii ni Electron, ile ni Qt, nyingine ni Java. Kumbe pengo halikuwa la fremuweki. Lilikuwa la maktaba moja ambayo inaweza kukaa ndani ya Electron, CEF, Qt, au programu ya kuhariri picha isiyohusiana na yeyote kati ya hao. Jina la fremuweki ni dalili nzuri ya mahali pa kuchimba, na kazi yake inaishia hapo.

## Suala la matoleo

Sehemu hii inastahili nafasi yake, maana wengi waliifanya vibaya wakati ule.

Baada ya kujua programu fulani ni Electron, swali linalofuata ni toleo gani. Kubofya faili la exe, lile linaloiendesha programu, na kusoma sifa zake hakusaidii, kwani pale mtengenezaji ameandika toleo la programu yake. Toleo la Electron limo ndani ya exe lenyewe, kama maandishi ya kujitambulisha kwa tovuti. Ukilipekua faili kutafuta maandishi hayo, utakuta kipande kinachoanza na Chrome/ na namba ya Chromium, kikifuatiwa na Electron/ na namba ya Electron.

Rasimu ya kwanza ilisoma namba ya Chromium. Mantiki ilikuwa nyepesi: Chrome ilirekebishwa katika toleo la 116, basi chochote kilicho chini ya hapo ni hatari. Mantiki hiyo si sahihi. Watengenezaji wa Electron huhudumia matoleo kadhaa kwa wakati mmoja, na dawa ya pengo huipandikiza kwenye kila tawi (mfululizo wa matoleo yenye namba moja ya mwanzo, kama 22 au 26) bila kuibadilisha Chromium nzima. Dawa ya libwebp iliingia katika Electron 22.3.24, 24.8.3, 25.8.1 na 26.2.1. Electron 22 imejengwa juu ya Chromium 108, kwa hiyo programu yenye 22.3.24 inasomeka Chrome/108 ilhali imekwisha kutibiwa. Na programu yenye Electron 26.1.0, mpya kwa sura, iko wazi.

Hata kanuni ya namba ndogo na kubwa haitoshi. Huwezi kusema kila kilicho chini ya 26.2.1 kina tatizo, maana 22.3.24 iko chini na ni salama. Tawi la 23 ndilo lenye mtego zaidi: lilikuwa limekwisha kuachwa mwezi Agosti, halikupata dawa, ingawa tawi la 22 lililo nyuma yake lilipata. Sababu ni kwamba Electron 22 ndiyo ya mwisho inayofanya kazi kwenye Windows 7 na 8, na ikaongezewa muda wa huduma hadi tarehe 10 Oktoba 2023. Chombo ikabidi kiwe na jedwali la matawi: kila tawi na namba yake ya chini inayokubalika, na tawi lisilo na namba lihesabiwe kuwa wazi lote.

## Maamuzi na sababu zake

Chombo kilizuiwa kuendesha programu yoyote. Kuna njia ya kuiwasha programu ya Electron na kuiuliza toleo lake moja kwa moja, na jibu huja safi. Lakini baadhi ya programu zilizokutwa zilitoka kwenye flashi zisizojulikana chanzo, na kuwasha kitu unachokishuku ili ukiulize kama ni salama ni hatari isiyo na sababu. Chombo kilisoma mafaili tu.

Kilibaki pia kuwa skripti ya kusomeka. Kulikuwa na wazo la kukiandika kwa Python na kukifunga kuwa exe moja ya kubeba kwenye flashi. Exe za namna hiyo mara nyingi huwashwa taa nyekundu na antivirusi hata zikiwa safi, na hakuna haja ya kuwafundisha wafanyakazi wa vituoni kupuuza onyo la antivirusi. Gharama yake ilikuwa kwamba Windows 7 huja na PowerShell 2.0, na ilibidi skripti iandikwe kwa amri za zamani ili iendeshwe kote.

Uamuzi ninaouona kuwa bora kuliko yote ulihusu namna ya kuandika majibu. Safu ya fremuweki haikuwa na ndiyo au hapana. Ilikuwa na majibu matatu: imethibitika, inashukiwa, haikuonekana. Pembeni yake kulikuwa na safu ya ushahidi, yenye njia kamili ya faili lililosababisha jibu hilo. Mtu aliyetilia shaka aliweza kwenda kwenye folda hiyo na kujionea. Ni safu hiyo iliyofichua suala la CEF ndani ya siku ileile, kwa sababu aliyesoma aliona ushahidi ni icudtl.dat peke yake, akaenda kutazama, akakuta libcef.dll.

Kuhusu nini kitibiwe kwanza, waliangalia programu inapokea picha kutoka kwa nani. Programu za gumzo na za mikutano hufungua picha kutoka kwa mtu yeyote anayekutumia ujumbe, hivyo zikawa mbele. Programu ya mahesabu, yenye CEF inayofungua kurasa za msaada za mtengenezaji tu, ikawekwa nyuma. Hapo ndipo mhasibu mkuu, mtu wa siku nyingi pale ofisini, alipomwambia kijana wa TEHAMA: "Mwanangu, hiyo usiiguse mpaka mishahara itoke." Kijana akajibu, "Sawa mama, hatuigusi. Ila ile ya gumzo naiomba leo." Kwa kuwa walikuwa na sababu ya kiufundi ya kuisubirisha ya mahesabu, hawakulazimika kugombana naye.

Masasisho yalipakuliwa mara moja makao makuu na kusambazwa kwa mtandao wa ndani, na kwa vituo yakaenda kwa flashi iliyosafishwa. Kisakinishi kimoja cha Electron kinaweza kukaribia au kuvuka megabaiti mia moja. Kila kompyuta ikivuta chake kwa bando, bajeti ya mwezi ya kituo ingekwisha asubuhi moja.

## Matokeo

Programu kubwa za gumzo na mikutano zilikuwa zimetolewa masasisho na watengenezaji wake mapema, na hizo zikaisha haraka. Nakala za flashi zilifutwa karibu zote. Nyingi hakuna aliyezikumbuka.

Kulikuwa na jambo lililozusha mkanganyiko baada ya hapo. Chombo kiliendelea kuonyesha matoleo ya zamani kwenye kompyuta zilizokwisha kusasishwa. Baadhi ya programu hizi, zinapojisasisha, huunda folda mpya yenye namba ya toleo na kuiacha ya awali pembeni yake. Katika AppData ya mtumiaji mmoja palikuwa na folda mbili za app- zikifuatana, mpya ikiwa imetibiwa na ya zamani bado. Nakala ile ya zamani haikuwa ikitumika, lakini ripoti iliihesabu kama tatizo. Chombo kikaongezewa safu ya kuonyesha ni nakala ipi inayofunguliwa na njia ya mkato ya mtumiaji.

Tatizo lililobaki lilikuwa programu ya kumbukumbu za wateja, iliyotengenezwa kwa oda na kampuni ndogo. Ilikuwa na Electron ya tawi lililoachwa zamani. Mtengenezaji alipoandikiwa alijibu kwamba programu yake haitumii picha za WebP, hivyo haihusiki. Jibu hilo lina nusu ya ukweli. libwebp imo ndani ya Chromium iwe mtengenezaji anaitumia au la, na picha yoyote ya WebP ikifika kwenye dirisha la programu hiyo itafunguliwa. Lakini ni kweli pia kwamba, ikiwa dirisha hilo halipokei chochote kutoka nje, mshambuliaji hana pa kuipitishia picha yake. Tatizo ni kwamba programu hii ilikuwa na sehemu ya kuambatisha picha ya kitambulisho cha mteja, nayo ilikubali faili la aina yoyote. Taasisi ikaizuia kwa ukuta-moto isiongee na anwani yoyote isipokuwa seva ya ofisi, ikawaelekeza wafanyakazi waambatishe picha walizopiga wao wenyewe kwa skana, na ikamtaka mtengenezaji kwa barua apandishe Electron. Alifanya hivyo baada ya kusukumwa sana.

## Uchambuzi

Kilichosaidia zaidi ni kwamba swali liliruhusiwa kubadilika. Lilianza kuwa ni programu zipi zinatumia Electron, likawa ni nakala zipi za libwebp zilizo hai na nani anaweza kuzifikia. Vitengo vingi hushika swali la kwanza hadi mwisho, na hutoa ripoti nadhifu ya fremuweki isiyomwambia mkurugenzi kama ofisi iko salama. Chombo cha kutambua fremuweki kina thamani kubwa, lakini thamani yenyewe ni kupunguza eneo la kuchimba.

Safu ya ushahidi ilifaa kuliko usahihi wa kanuni zenyewe. Kanuni za mwanzo zilikuwa na makosa kadhaa, na yote yaligunduliwa na mtu aliyeweza kuona jibu limetoka wapi. Chombo kilichoficha njia yake kingeendelea kuitwa sahihi.

Upande wa pili, jibu la haikuonekana lilisomwa na uongozi kama haipo. Hayo ni mambo mawili tofauti. Maktaba ikiwa imeunganishwa ndani ya exe moja, haiachi faili la dll (faili la maktaba) pembeni, na kutafuta kwa majina ya mafaili hakutaiona. Programu zilizojengwa kwa Tauri, fremuweki nyingine, kwenye Windows ni mfano: exe ni ndogo, hakuna app.asar, hakuna pak. Kwa pengo hili zilikuwa na unafuu, kwa sababu Tauri hutumia WebView2, injini ya kivinjari ya mfumo wenyewe, ambayo kwa kawaida hujisasisha yenyewe na haibebwi na kila programu. Lakini chombo hakikujua hivyo. Kilinyamaza tu, na ukimya wake ukahesabiwa kuwa usalama. Ripoti kwa uongozi ilipaswa kuwa na mstari wake wa programu zisizotambulika, zikiwa zimetajwa moja moja, badala ya kuziacha zipotee katika jumla.

Mac ziliachwa nyuma kwa siku nyingi kuliko ilivyofaa. Zilikuwa chache na zinaaminika, na Apple ilikuwa imekwisha kutoa sasisho lake. Lakini sasisho la mfumo wa Mac halifiki ndani ya Electron Framework ya programu ya gumzo, kama lile la Windows lisivyofika. Kwa kuwa kuzipima kwenye Mac ni rahisi zaidi, hakukuwa na sababu ya kuzisubirisha.

Kuhusu mtengenezaji wa programu ya wateja, udhaifu ulikuwa katika mkataba. Haukusema lolote kuhusu viambato. Nchini Marekani agizo la rais namba 14028 la Mei 2021 lilikwisha kulisukuma suala hili kwa wanaoiuzia serikali: programu iende na orodha ya vilivyomo ndani yake, kama pakiti ya chakula inavyoorodhesha viungo. Kuna mifumo ya kuandikia orodha hiyo, CycloneDX na SPDX, na haihitaji kampuni kubwa kuitengeneza; programu ya Electron ina faili la utegemezi ambalo orodha inaweza kutolewa humo kwa amri moja. Taasisi sasa imeongeza vifungu viwili katika mikataba yake ya programu za oda. Kimoja kinamtaka mtengenezaji akabidhi orodha hiyo kila anapotoa toleo jipya. Kingine kinamtaka asibaki kwenye tawi la fremuweki lililokwisha kuachwa kuhudumiwa, na kama lazima abaki, aseme kwa maandishi ni kwa nini na hadi lini.